Taunilandi ya Ireland: haina mwenyekiti, haina ofisi, ila ukilikosa jina lake nyumba ya mtu huioni

#1 Mkaa_Clones (mtoa uzi)

Wakuu habari za jioni. Hii mada nimekaa nayo miaka sasa, kila nikiigusa kwa watu naona wanadhani naongelea ramani za shule, leo nimepata likizo ya siku tatu acha niishushe yote.

Mimi naishi Ireland, kaunti ya Monaghan, jirani na mji mdogo unaitwa Clones, nipo huku tangu 2012. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Naamka alfajiri nawasha gari, nyumba ya kwanza namuogesha mzee namtengenezea chai na uji, natoka naenda ya pili, ya tatu, mpaka mchana. Na huku shamba watu hawajabanana, kila familia ina nyumba yake katikati ya ardhi yake, unaweza kuendesha dakika kumi unaona ng'ombe tu na mvua.

Sasa wiki ya kwanza nikapewa karatasi. Juu jina la bibi, chini yake neno moja linaloanza na Drum, chini yake Clones, chini yake Co. Monaghan, mwisho. Hamna namba ya nyumba hamna jina la barabara. Nikapiga simu kuuliza namba nikaambiwa hakuna namba, hiyo ndo anwani yenyewe, na wakati huo nchi ilikuwa haina hata postikodi za majumbani. Nikazunguka karibu saa nzima kwenye vijinjia ambavyo magari mawili hayapishani, mpaka nikamsimamisha mkulima kwenye trekta nikamtajia lile neno. Hakushangaa hata kidogo, akanyoosha kidole bondeni akasema ukivuka kile kijito umeshaingia, nyumba ni ya pili. Nikavuka kijito. Hakuna kibao wala alama yoyote, lakini kweli nyumba ya pili ndo yenyewe na bibi yupo dirishani ananisubiri.

Lile neno lilikuwa jina la taunilandi. Kwa Kiirish wanaita *baile fearainn*. Ndo kipande kidogo kabisa cha ardhi chenye jina rasmi katika nchi hii, na kisiwa kizima kimekatwakatwa hivyo bila kubaki hata nafasi ya kuweka mguu, zipo zaidi ya 60,000. Wastani wake ni kama ekari 325 ila wastani hausemi kitu, maana kuna moja kule Carrickmore kaunti ya Tyrone inaitwa Old Church Yard haifiki hata ekari moja, na kule magharibi milimani na kwenye vinamasi zipo zinazozidi ekari 7,000. Hapa kwetu Monaghan ziko zaidi ya 1,800 kwenye kaunti ndogo tu, yaani ukigawa haraka haraka unapata kama ekari 170 kila moja.

Mpangilio wa zamani kutoka juu ni hivi: majimbo 4 (Ulster, Leinster, Munster, Connacht), kaunti 32, chini ya kaunti kuna baroni zaidi ya 300, chini yake parokia za kiserikali kama 2,500, halafu chini kabisa ndo taunilandi. Hizo za katikati zimekufa kiutawala. Ya chini kabisa ambayo haijawahi kuwa hata na karani ndo ipo hai mpaka leo, na hapo ndo penye uzi wangu.

---

#2 Ntuzu_wa_Bariadi

Mkuu shukrani kwa uzi. Ila mbona naona ni kitongoji tu hicho? Sisi si tunavyo, kijiji kinagawanyika vitongoji.

---

#3 Mkaa_Clones

Mkuu swali zuri na mimi nilidhani hivyohivyo mwanzoni. Ila kitongoji chetu kina mwenyekiti amechaguliwa, kina mkutano, ukitaka barua unaenda kugonga kwa mtu. Taunilandi haina mtu. Hakuna wa kugongea. Serikali haijawahi kuweka kiongozi wa taunilandi, na haikuiumba serikali pia, waliikuta.

Kabla Waingereza hawajaishika nchi, koo za Kigaeli, yaani Wairish wenyeji, zilikuwa zinahesabu ardhi kwa kile inachozaa, ng'ombe wangapi watakula, chakula kiasi gani kitatoka cha kumpelekea mkubwa. Hapa Monaghan na Fermanagh kipande kidogo kilikuwa kinaitwa *tate*, kinakadiriwa ekari 60 za Kiirish, na tate 16 kwa kawaida zinafanya *ballybetagh* moja, yaani eneo la ukoo, jina lenyewe linatokana na yule aliyekuwa na wajibu wa kulisha wageni na watawala. Ukienda Cavan jirani hapo kipande hichohicho wanakiita *poll*. Tyrone na Armagh *ballyboe*, yaani baile (kipande cha ardhi) ya ng'ombe. Connacht unakuta robo na *cartron*, Munster wanaongelea ardhi ya jembe. Kwahiyo mnaona, ardhi nzuri yenye rutuba unaikata vipande vidogo, mlima usio na kitu unauacha kipande kimoja kikubwa, ndo maana ukubwa haulingani. Ekari ilikuja baadaye.

Mwaka 1591 utawala wa Kiingereza ulipoigawa upya Monaghan kwa akina MacMahon, ukoo uliokuwa unatawala hapa, na wengine, waliandika ballybetagh kwa ballybetagh na tate kwa tate kwa majina. Hapo wenye nguvu ndo wanabadilisha nani mmiliki, lakini vipande vyenyewe hawakuvigusa, walivichukua kama vilivyo maana bila hivyo wasingejua wanagawa nini. Akaja Cromwell, jenerali wa Kiingereza, akapora, William Petty akapima nchi miaka ya 1650 ili askari na wadai wagawiwe ardhi iliyoporwa, naye vilevile akaandika kwa vipande hivyohivyo. Kila mporaji alilazimika kutumia majina ya aliowapora! Mimi hilo jambo linanigusa sana kila nikilifikiria.

---

#4 dada_Mwanakombo

Kaka nimependa. Sasa hilo Drum ni nini? Maana umesema linaanza na Drum na nikafungua ramani ya huko naona Drum, Drum, Drum kila mahali.

---

#5 Mkaa_Clones

Dada umeona kitu cha kweli. *Droim* ni mgongo. Monaghan yote ni vilima vidogo vya mviringo vilivyoachwa na barafu ya zamani, ukiviangalia kwa mbali ni kama migongo ya wanyama wamelala, na wataalamu wa miamba dunia nzima wanaviita drumlini, neno wamelichukua hapahapa kwenye Kiirish. Kwahiyo ukisikia Drum kitu fulani jua upo juu ya mgongo. *Cluain* ni malisho yenye maji maji, ndo Clon na Cloon, hata Clones yenyewe imo humo. *Cnoc* ni kilima ndo Knock, *tulach* ni kilima kidogo ndo Tully, *doire* ni msitu wa mialoni ndo Derry, *ceathrú* ni robo ndo Carrow. *Lios* na *ráth* ni yale maboma ya udongo ya duara ya wakulima wa kale, na mara nyingi ukilikuta Lis kwenye jina ukatembea shambani utalikuta duara lenyewe bado lipo na miti juu yake, wakulima hawathubutu kulilima.

Mtego mkubwa ni Kil. Inaweza kuwa *cill*, kanisa, na inaweza kuwa *coill*, msitu. Kwa maandishi ya Kiingereza zote zimekuwa Kil. Huwezi kujua mpaka umpate mzee anayetamka, au upate maandishi ya kabla.

Na hapa lazima nimtaje John O'Donovan. Alizaliwa 1806 kaunti ya Kilkenny, mtoto wa mkulima, Kiirish kimo damuni. Mwaka 1824 bunge la Uingereza liliamua Ireland yote ipimwe upya, sababu ni kodi. Kodi ya kaunti ilikuwa inatozwa kwa taunilandi, na ile hesabu ya ukubwa wa kila moja ilikuwa ya zamani mno, kuna taunilandi imeandikwa ndogo na kumbe ni kubwa, wengine wanaumia wengine wanapona. Basi Thomas Colby akaja na askari wapimaji wa Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, wakachora nchi nzima kwa kipimo cha inchi sita kwa maili moja, kaunti ya kwanza ilitoka 1833 na upimaji ukamalizika kabla ya njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1840. Kila taunilandi ina mpaka wake kwenye ramani ile.

Sasa askari wa Kiingereza atajuaje mpaka umepita wapi? Hapo Richard Griffith alipewa kazi ya mipaka kuanzia 1825, na watu wake walichagua wazee wenyeji kila eneo, wakatembea nao. Mzee anatangulia, huku kijito, pale tuta lenye miti, pale jiwe, halafu mpimaji nyuma anachora. Nimewahi kukaa nikawaza wale wazee. Wengi wao huenda hata kuandika jina lao hawakujua, na mistari ile ya kichwani mwao ndo ramani ya taifa mpaka leo.

Majina ndo yakawa kazi ya O'Donovan kuanzia 1830. Alizunguka kaunti kwa kaunti, mara nyingi kwa miguu na kwenye mvua, anauliza wazee wanavyotamka, anarudi kwenye hati za kale kulinganisha, halafu anapendekeza tahajia moja ya Kiingereza ya kuwekwa kwenye ramani. Watu wanamlaumu kwamba ndo alikuwa mkono wa kuyavunja majina ya Kiirish, na kweli yanayosomeka leo kwenye ramani yamevunjika. Lakini pembeni ya daftari aliandika na lile la Kiirish, na miaka michache tu baada ya hapo njaa ikaja ikawafagia walewale waliokuwa wanayatamka. Angechelewa miaka ishirini asingemkuta wa kumuuliza. Mimi nasimama upande wake.

---

#6 Ntuzu_wa_Bariadi

Hiyo njaa ilipiga mpaka huko kwenu?

---

#7 Mkaa_Clones

Mkuu, Monaghan ilikuwa na watu zaidi ya 200,000 kwenye sensa ya 1841. Ya 1851 walibaki kama 142,000. Leo hii wako kama 65,000. Kuna taunilandi napita kila siku ambayo haina hata nyumba moja inayotoa moshi, kuta tu za mawe zimefunikwa na majani, ila jina lipo na mkulima wa jirani anayelaza ng'ombe pale analitaja vizuri tu.

---

#8 Wanjiru_diaspora

Nimekuwa nikisoma kimya kimya kutoka Nairobi. Si Clones iko hapo karibu na border ya Northern Ireland? Hiyo border ilichorwaje, ama pia ni hizi taunilandi?

---

#9 Mkaa_Clones

Wanjiru umegonga penyewe kabisa. Mwaka 1920 sheria ya kuigawa Ireland haikuchora mstari mpya, ilisema tu kaunti sita hizi ni Ireland Kaskazini na zilizobaki, Monaghan ikiwemo, ni Kusini. Mpaka wa kaunti umetokana na nini? Na mipaka ya taunilandi za pembeni. Na mpaka wa taunilandi ni nini? Ni kijito na tuta la mkulima. Kwahiyo mpaka wa kama kilometa 500 kati ya nchi mbili, ambao siku hizi ndo mpaka wa Umoja wa Ulaya na Uingereza, unapita kwenye mitaro ya ng'ombe ambayo wale wazee wa Griffith walionyesha kwa kidole. Iliundwa tume ya kuurekebisha, ikafikia mwisho 1925 bila kubadilisha kitu, mstari ukabaki palepale.

Mimi nauvuka kila siku ya kazi. Ukitoka Clones kuelekea Cavan barabara inavuka mpaka mara nne kwenye kilometa chache, inaitwa N54 halafu inageuka A3 halafu inarudi N54, kitu pekee unachoona ni alama za mwendo kubadilika kutoka kilometa kwenda maili. Na kuna kipande cha Drummully wenyeji wanakiita Taunilandi Kumi na Sita, ni ardhi ya Monaghan, ya Jamhuri ya Ireland, lakini kuifikia kwa gari lazima upite Fermanagh, ambayo ni Kaskazini, yaani utoke nchini ndo uingie nchini. Nimekuwa na mzee wa kumhudumia huko. Aliniambia miaka ya vita vya Kaskazini jeshi la Uingereza lilikuwa linalipua vijibarabara vidogo huku mpakani au kuweka mabonge ya zege, mtu na ndugu yake mita mia tano anazunguka nusu saa, usiku wanakijiji wanakuja kufukia shimo, asubuhi linachimbwa tena. Zilifunguliwa miaka ya 1990.

Na parokia ya Clones yenyewe ni ya kale kuliko yote hayo, ipo pande zote mbili, Monaghan na Fermanagh. Kwahiyo unazikwa na watu wa nchi mbili kwenye parokia moja.

---

#10 mama_Boston

Kaka samahani naingilia. Mume wangu ni Mmarekani, ukoo wake ulitoka Ireland, anachojua ni "County Monaghan" tu. Tumetafuta miaka, majina ni yaleyale maelfu. Hii taunilandi inaweza kutusaidia?

---

#11 Mkaa_Clones

Dada yangu, ndo ufunguo wenyewe na bila huo mtazunguka tu. Jina la ukoo kwa Monaghan halikusaidii, akina McKenna na Duffy na Connolly wamejaa kama mchanga. Anzeni huko kwenu Marekani, siyo huku: jiwe la kaburi, tangazo la kifo kwenye gazeti la zamani, karatasi za uraia, kitabu cha ndoa cha kanisa, barua kwenye sanduku la bibi. Mnatafuta neno moja la ajabu lililoandikwa vibaya. Hilo ndo taunilandi, na litakuwa limeandikwa kwa sikio, kwahiyo litamkeni kwa sauti kabla ya kulitafuta.

Mkilipata nendeni Logainm, hifadhi ya majina ya mahali ya Ireland, ipo bure mtandaoni. Hapo litatoka na kaunti, baroni na parokia yake, na mtaona kama zipo kadhaa zenye jina hilohilo, maana hilo nalo ni tatizo, jina moja linaweza kurudiwa mara nyingi nchini.

Halafu hapa watu wengi ndo wanapotea kwahiyo soma polepole. Taunilandi moja inakaa kwenye makundi mengi kwa wakati mmoja na makundi hayo hayafuatani. Kuna baroni. Kuna parokia ya kiserikali, ambayo mipaka yake ni ya kanisa la kale na Waprotestanti walibaki nayo. Kuna parokia ya Katoliki, ambayo ni nyingine, maana Wakatoliki walinyang'anywa makanisa wakaja kujipanga upya baadaye. Mwaka 1838 ikaja sheria ya maskini, taunilandi zikakusanywa kuzunguka miji yenye nyumba za kuwaweka maskini, na wao hawakujali kaunti kabisa, muungano wa Clones ulichukua taunilandi za Monaghan na za Fermanagh pamoja. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulipoanza 1864 ukafuata mipaka hiyo ya maskini. Na sensa imepangwa kwa kata za uchaguzi, ni kitu kingine tena! Ila kila moja ya hizo, ukiifungua ndani, imejengwa kwa taunilandi. Ndo maana ukiwa nayo unaweza kuruka kutoka kitabu kimoja kwenda kingine.

Vitabu vya kuangalia: orodha ya zaka ya miaka ya 1823 mpaka 1837, tathmini ya Griffith ya 1847 mpaka 1864 inayotaja kila mkuu wa nyumba, nani anamkodisha na ekari ngapi, na sensa za 1901 na 1911 ambazo zipo bure mtandaoni nzima nzima. Sensa za kabla ya hapo msizipotezee muda, nyingi ziliteketea Dublin 1922 jengo la kumbukumbu lilipoungua kwenye vita, na nyingine serikali yenyewe iliziharibu. Ndo maana Griffith anatajwa sana na watu wa ukoo, hakuwa na nia ya kuhesabu watu, alikuwa anahesabu kodi, lakini ndo kilichobaki.

Angalizo moja, kwenye vitabu vya zamani ekari ya Kiirish ni kubwa kuliko ya Kiingereza, kama 1.62, msije mkadhani babu alinyang'anywa shamba kumbe kipimo kimebadilika.

---

#12 dada_Mwanakombo

Sasa mbona ulisema za katikati zimekufa, hizo baroni?

---

#13 Mkaa_Clones

Zilikuwa na kazi zamani, kodi ya barabara ilikusanywa kwa baroni, lakini sheria ya serikali za mitaa ya 1898 ikaleta mabaraza ya kaunti na ya wilaya, baroni ikabaki jina. Monaghan tunazo tano: Cremorne, Dartree, Farney, Monaghan na Trough. Muulize kijana wa hapa yuko baroni gani wengi hawajui. Ila mwaka juzi tulinunua nyumba, mimi na mke wangu, na nilipoisoma hati ya msajili wa ardhi imeandikwa jina la taunilandi, Baroni ya Dartree, Kaunti ya Monaghan. Nilikaa kwenye gari nikaisoma tena. Hakuna pengine popote nilipokuwa nimeliona neno Dartree limeandikwa kwa ajili yangu.

---

#14 Wanjiru_diaspora

Na hizo postikodi zilizokuja, hazijaua hayo majina?

---

#15 Mkaa_Clones

Eircode ilianza 2015, herufi na tarakimu saba, kila nyumba yake peke yake. Siwezi kusema ni mbaya, ambulensi ikiitwa usiku inafika, na mimi kazini napiga namba simu inanipeleka mpaka mlangoni. Zaidi ya theluthi ya anwani za nchi zilikuwa hazitofautishiki, nyumba kumi taunilandi moja anwani ileile, postamani ndo alikuwa kompyuta. Ila hapa Jamhuri waliacha jina la taunilandi kwenye anwani, Eircode imeongezwa tu chini yake.

Ng'ambo Kaskazini ndo walipoumia. Mwaka 1972 posta ya Uingereza iliwaambia watu wa shamba watumie namba na jina la barabara, majina ya taunilandi yakatolewa kwenye anwani. Kaunti tano zikaenda hivyo, watu walipiga kelele, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja jambo ambalo miaka ile halikuwa la kawaida. Fermanagh ndo walikataa, wakaendelea na taunilandi zao mpaka leo. Nikivuka kwenda kwa wateja wa upande ule naona vibao vya majina barabarani, nafurahi mwenyewe ndani ya gari.

Na wapo vijana wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, waliokaa miaka kadhaa wakazichora taunilandi zote za kisiwa kutoka kwenye ramani za zamani, moja baada ya nyingine, sasa mtu yeyote anaziona kwenye simu.

Niwaambie na hili. Yule bibi wa siku ya kwanza, wa ng'ambo ya kijito, nilimhudumia miaka minne. Hakuwahi kuliita lile eneo shamba wala kijiji, analitaja jina kama anamtaja mtu. Alipofariki nilisikia redioni, maana redio za huku zinasoma vifo kila siku, watu wananyamaza kusikiliza. Msomaji alitaja jina lake la kuzaliwa na la ndoa, halafu taunilandi aliyoolewa, halafu akasema zamani wa taunilandi fulani, ile aliyozaliwa, ambayo ni kama maili mbili tu kutoka pale. Namba ya postikodi hawakuisoma. Siku ya mazishi magari yalikuwa yamepangwa mpaka kijitoni.